Mtaa Uliokatwa Kwenye Filamu

"Mama yangu yuko wapi humu?"

Mwongozaji alijua mchumba wake anauliza nini. Kwenye skrini ya chumba cha uhariri, msichana wa filamu yao alikuwa anatoka kwenye jumba la vioo. Hadithi aliiandika mchumba huyo mwenyewe, kuhusu maisha yake: alivyokulia mlimani kwenye nyumba za mabati, mama akimsomesha kwa cherehani. Sasa mlima wote ulikuwa umeondolewa.

Mwongozaji akajitetea taratibu. Watu wamechoka kuangalia mabati. Msichana ni yule yule, kilichobadilika ni mandhari tu.

"Mandhari tu?" mwandishi akasema. "Naongea kwa sauti kubwa kwa sababu kwetu tunaitana ng'ambo ya bonde. Sichoki upesi kwa sababu maji tuliyapandisha kichwani. Ukinitoa pale, huyo ni mtu mwingine."

Hapo ulimi wa mwanamume ukateleza. Akasema hata kwao alishawaambia kwamba mchumba wake alikulia upande wa majumba ya vioo, na hakuna aliyeumia.

Kumbe haikuwa filamu peke yake. Mwandishi akabeba mkoba wake, akatoka. Jioni akatuma ujumbe: "Toa jina langu kwenye filamu. Na kwenye kadi za harusi."

Simu zikapigwa wiki nzima, hakupokea. Mama yake akamsihi asiamue kwa hasira. Akajibu kwamba hasira zilishaisha, kilichobaki ni kazi. Akaazima kamera, akaanza kuurekodi mtaa wao mwenyewe.

Jumamosi asubuhi akasikia mtu anahema kwenye ngazi za mlimani. Alikuwa mwongozaji, shati limelowa jasho, na nyuma yake mama yake mzazi, viatu mkononi.

"Nimemwambia ukweli," akasema. "Akataka tuje wote."

Mama yule akapita moja kwa moja hadi kibarazani, akamsalimu mwenye cherehani, akamwomba radhi kwa uongo wa mwanawe. Wakakaribishwa ndani.

Mwandishi hakusogea.

"Na filamu?"

"Nimezifuta picha zote za kule kwenye vioo. Tuanze upya, hapa."

"Tutaanza. Ila naongoza mimi."

Jambo lile lilimchoma mwanamume, na hakulificha.

"Sawa," akasema mwishowe. "Niambie nisimame wapi."

Filamu iliwachukua mwaka mzima. Harusi ikasubiri mpaka ilipokamilika, kwa sababu bibi harusi alitaka hivyo.