Huduma Haitoki Bila Anwani

Ilianza harufu. Harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji, mchana kweupe, ndani ya chumba cha simu ambamo hata kikombe cha chai kilikuwa marufuku.

Kasuku alivinusa vipokea sauti vyake, akavifuta kwa upindo wa shati. Waliombandika jina hilo hawakukosea. Miaka nenda rudi alikuwa akiwauliza wapiga simu za dharura maswali yale yale kwa sauti ile ile. Uko wapi? Kuna nini? Uko peke yako?

"Afande," alimwita mkuu wa kituo, mlango ukiwa wazi. "Njoo umsikilize huyu. Anwani hana, na kukata hataki."

Mkuu wa zimamoto alikuwa mwanamke, wakamwita Chuma. Alianza kwa kuburuta mipira ya maji, akaja kukikalia kiti hiki hiki cha simu, akapanda mpaka ofisi yenye bendera. Wanaume waliopanda kama yeye waliitwa viongozi. Yeye akaitwa Chuma, kana kwamba chuma hakisikii baridi. Nyumba aliyopewa nyuma ya gereji ilikuwa na meza ya viti vinne, na kilichochakaa ni kimoja tu.

Akavaa vipokea sauti vya pili. Kwanza alisikia mlio wa kuni mbichi zikishika moto. Kisha ikaja sauti, si ya kiume wala ya kike, sauti ya aliyelia mpaka machozi yakamkauka.

"Mko njiani?"

"Tuambie ulipo, tuje."

"Nyumba yangu mmeizima."

"Nyumba ipi?"

"Zote. Kila moto ulikuwa kwangu. Mkaja na maji yenu, mkapigiwa makofi, mkaondoka. Mimi nikabaki nje."

Kasuku alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Huyo si mtu, Afande," alinong'ona. "Bibi alituambia majini yameumbwa kwa moto. Tumwite mganga."

"Atakuja na gari lake au tumpelekee letu?" Chuma alisema.

"Basi kata."

Hapo ndipo palipokuwa na mtego. Sheria za chumba kile alizitunga Chuma mwenyewe. Mpokea simu hakati kwanza, kwa sababu anayeungua akikatiwa simu anakufa mara mbili. Simu inafungwa gari likishatumwa, na mashine ya kuagiza magari haitumi gari bila anwani.

Hata hivyo alibonyeza kukata. Taa ya laini ile haikuzimika. Ikawaka ya pili, ikawaka ya tatu, na kote huko sauti ni moja: bado upo, bado upo? Na kwenye laini ya mwisho, nyuma ya mlio wa kuni, mama mmoja alikuwa akipiga kelele kwamba mwanawe amepaliwa na midomo inageuka rangi, na kila Kasuku alipomuuliza uko wapi, mama, uko wapi, sauti ile ilimdakia jibu mdomoni ikisema sina pa kwenda, sina pa kwenda, huku harufu ya majivu ikizidi kuwa nzito na kioo cha dirisha kikitoka jasho kwa ndani, mpaka Chuma akaivuta mashine na kuandika anwani ya nyumba moja tu aliyoijua ambayo ikichukuliwa hakuna mtoto wa mtu atakayedhurika.

Yake.

Taa zote zikazimika, isipokuwa moja.

"Mlaze kifudifudi mapajani, mama," Kasuku alikuwa akisema. "Mpige mgongoni. Tena." Kisha mtoto akalia.

Baada ya hapo Kasuku alisoma kilichoandikwa kwenye mashine, akamgeukia bosi wake polepole. "Afande, leo ukalale kwangu. Wanangu wana fujo kama ngedere, lakini nafasi ipo."

"Kesho," Chuma alisema. Ndivyo alivyowajibu watu siku zote, hata mdogo wake aliyechoka kumwalika.

Jioni alifungua mlango wake. Sakafuni palikuwa na nyayo za majivu mabichi, zote zikielekea ndani, hakuna iliyotoka. Mezani, kiti kinachotazamana na chake kilikuwa kimevutwa. Akakigusa. Kilikuwa na joto.

Akapiga namba ya dharura, kama raia mwingine yeyote.

"Uko wapi?" Kasuku aliuliza. Chuma akamtajia.

"Kuna nini?"

Chuma akazifuata nyayo kwa macho mpaka mezani.

"Uko peke yako?"

Swali hilo alilitunga yeye, na maisha yake yote jibu lake lilikuwa moja. Akakitazama kile kiti.

"Hapana," alisema, na kilichomtisha kuliko vyote ni jinsi sauti yake ilivyotulia.

"Afande, usikate, tunakuja mbio..."

Mkono wenye joto ukapita juu ya bega lake, taratibu, ukakata simu.