Matonge Matatu ya Mama

Kila jioni, katika nyumba ya matofali mekundu kwenye komini iitwayo Kenya, mjini Lubumbashi, Kongo, Sephora ndiye aliyesonga bukari, ugali wao wa kila siku. Mwiko ulimfikia kifuani, lakini mikono yake ya miaka kumi na miwili ilikuwa imezoea. Mama yake alichambua mboga za lengalenga karibu na mbabula, jiko lao la makaa, makala yakitoa cheche, na bukari ulipoiva wakanawa mikono na kuzunguka sahani moja. Baba alikuwa dereva wa lori. Wiki nyingi alikuwa njiani kuelekea Kolwezi.

Tangu mvua zilipokwisha, Sephora alikuwa akihesabu matonge ya mama yake. Moja. Mawili. Matatu. Kisha mama ananawa.

"Nimeshiba, mwanangu."

Mtu mzima atashibaje kwa matonge matatu? Zamani mama ndiye aliyekwangua sahani mpaka ikang'aa!

Na mama mwenyewe alikuwa akipungua. Kikwembe kilichokuwa kikimzunguka mara moja sasa kilikaribia kumzunguka mara mbili. Fundi wa cherehani alikwisha kubana blauzi zake za kanisani mara mbili, na mara ya pili alimtazama usoni, kisha akainamia cherehani yake.

Wengine hawakunyamaza. Siku moja bombani, Syntiche, jirani yao, alimsogelea Sephora na ndoo yake.

"Mama yako anaumwa nini?"

"Haumwi."

"Ee, haumwi! Mutu hakondi bure. Mama yangu anasema ni ugonjwa mubaya, ama baba yako amepata bibi mwingine huko Kolwezi."

"Mwambie mama yako ale bukari wake, aache kutafuna watu!" Sephora alijibu, akajitwika ndoo. Lakini maji yalimmwagikia shingoni njia nzima.

Shaka ni kama mchwa: ukiona vumbi mlangoni, ujue mbao zimeliwa siku nyingi. Sephora alianza kumchunguza mama yake. Asubuhi, jua likichomoza, mama alitoka akisema anakwenda misa. Kanisa lilikuwa njia ya pili tu, lakini raba zake zilirudi zimejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kamba. Jumamosi moja, Sephora akitoka kununua makala, alimwona mama akitoka kwenye geti la kituo cha afya, amekandamiza pamba kwenye kidole. Mama alipomwona, aliuficha mkono ndani ya kikwembe.

Siku hiyo, mama alipokuwa akioga, Sephora alifungua mkoba wake. Ndani alikuta karatasi iliyokunjwa mara nne. Haikuwa na maneno, ila tarehe na nambari: 94, 92, 89, 87, 85.

Alikaa sakafuni. Nambari gani hizi zinazoshuka hivi? Mama anahesabiwa nini? Na zikiisha?

Juma lililofuata, Tantine Mwelwa, dada mkubwa wa baba, aliteremka kutoka Kasomeno na mfuko wa karanga na kidumu cha asali. Habari zilikuwa zimemfikia huko huko.

"Yesu wangu! Mama Sephora, nani amekula nyama yako?"

"Niko mzima, Tantine."

"Mzima, na mifupa hii? Kwetu watasema ndugu yangu hajui kulisha bibi yake. Mimi sitoki hapa mpaka mwili huu urudi!"

Mama alitabasamu kidogo, akamuuliza habari za mashamba.

Maneno yale yalimkaa Sephora kichwani. Yeye ndiye aliyepika uji wa mtama wa mama kila asubuhi na kuutia katika chupa ya chai. Mama aliunywa mchachu, na limau, bila sukari hata chembe. Kesho yake Sephora aliongeza kijiko kimoja cha asali, akakoroga haraka. Siku ya tatu vikawa viwili, kisha vitatu. Atanenepa, alijiambia. Nambari hazitashuka tena.

Mama alionja, akasita.

"Uji huu umetiwa nini?"

"Ni limau tu, mama. Labda limeiva sana."

Mama alimtazama. Kisha akamtazama Tantine Mwelwa, aliyekuwa akimenya karanga karibu na kidumu chake. Baadaye alimwita Sephora pembeni, akamnong'oneza, "Uji wangu upike wewe peke yako. Mtu mwingine asiuguse. Wewe ndiye ninayekuamini."

Sephora aliitikia kwa kichwa. Kesho yake alitia vijiko vitatu vile vile.

Juma la pili mama alirudi kutoka kituoni macho mekundu. Hakuvua hata raba.

"Tantine Mwelwa, unatia nini katika uji wangu?"

"Mimi?"

"Ulisema hutoki hapa mpaka mwili urudi. Leo muuguzi ameniuliza kama namdanganya. Dawa gani hiyo umeniwekea?"

Tantine alisimama, karanga zikatawanyika uani.

"Unaniita mchawi? Mimi? Katika nyumba ya ndugu yangu?"

Aliingia ndani, akaanza kufunga mzigo. Sephora alijua neno kama hilo likitoka halirudi mdomoni kirahisi. Kulikuwa na baba mdogo ambaye ukoo haukumsemesha tangu Sephora yuko darasa la kwanza, kwa neno hilo hilo. Angenyamaza sasa, Tantine angepanda gari la Kasomeno na kosa lisilo lake.

Alisimama mlangoni, akauziba kwa mikono miwili.

"Ni mimi," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akarudia. "Mama, ni mimi. Nilitia asali. Nilikudanganya juu ya limau. Sikutaka ufe."

"Nife?"

"Niliona karatasi. Nambari zinashuka!"

Mama aliketi polepole kwenye kigoda, akajifunika uso. Alipoufunua, machozi na kicheko vilikuwa vimechanganyika.

"Hizo ni kilo zangu, mwanangu. Nilikuwa na kiu isiyokwisha, na miguu inachomachoma. Walinipima, wakaniambia nina ugonjwa wa sukari. Wakasema: tembea, punguza bukari, zidisha mboga, acha vitamu. Kila asubuhi natembea mpaka mtaa wa Hewa Bora na kurudi. Nilifurahi kila nambari ilivyoshuka, na sikuwa na wa kumwambia."

"Kwa nini hukutuambia?" aliuliza Tantine, mzigo mkononi.

"Niliogopa midomo. Mwanamke akikonda hapa, watu wanamzika akiwa bado anatembea. Nisamehe, Tantine. Nimekutukana bure."

Tantine aliguna, akaweka mzigo chini.

"Ungeniambia, ningeleta maharage. Asali ni nzito, na mgongo wangu ni wa zamani!"

Asubuhi iliyofuata walikwenda kituoni wote watatu. Muuguzi Claudine alisikiliza mpaka mwisho, akamuuliza Sephora ni vijiko vingapi, kwa siku ngapi. Kisha akampandisha mama kwenye mizani na kumpa Sephora kalamu.

"Andika wewe."

Sephora alisoma, akainamisha kichwa. "Themanini na saba. Zimepanda."

"Iandike hivyo hivyo," alisema mama. "Hatufichi tena."

Muuguzi alisubiri wino ukauke.

"Mama Sephora, mwili wako umeutendea kazi ngumu: hatua kwa hatua, tonge kwa tonge. Usiache. Lakini anayekula nawe sahani moja ana haki ya kujua kwa nini unanawa mapema. Usipomwambia, atajibiwa bombani. Na wewe Sephora, ulimpenda mama, ukakaribia kumlaza kitandani. Shaka ikikushika, igeuze kuwa swali, umuulize mwenyewe. Na mtu akikonda bila kutaka, msinong'one juu yake. Mleteni apimwe."

Tangu siku hiyo mama hakutoka tena kwa kunyata. Tantine Mwelwa alibaki mwezi mzima, akitembea naye mpaka Hewa Bora, akihema na kulalamika.

"Mnakwenda wapi asubuhi yote hii?" mama yake Syntiche aliwauliza bombani.

"Kutembeza sukari!" Tantine alimjibu kwa sauti ya kusikika njia tatu. "Na wewe kuja, naona yako imelala!"

Kidumu cha asali Sephora alimpelekea jirani kwa mikono yake mwenyewe. Mwisho wa mwezi aliandika 84 kwenye karatasi, ambayo sasa ilibandikwa ukutani mbele ya macho ya kila mgeni. Jioni hiyo mama alimega tonge la kwanza, la pili, la tatu. Sephora hakuhesabu. Alinyanyua jagi la maji, akamnawisha.