Kikapu Kitupu cha Johana

Mgeni alipobisha langoni, Nelvine alikuwa akikamua ng'ombe. Hakuna aliyemtarajia. Alikuwa mwanamke kijana, viatu vimejaa matope ya kijiji chao cha Sosiot, na alijitambulisha kuwa Aluoch, mtafiti. Alikuwa akiwatembelea watu wenye ugonjwa wa sukari, na Johana, babake Nelvine, alikuwa mmoja wao.

Aluoch alieleza kazi yake polepole. Madaktari huwauliza watu jinsi wanavyofanya kazi na kutembea siku hizi, kisha huyategemea majibu yao. Yeye alitaka kujua majibu hayo ni ya kweli kiasi gani. Kwa hiyo alileta hojaji, pamoja na kidude cha kuvaa kiunoni kinachorekodi mwendo wa mtu. Baada ya wiki angelinganisha majibu na rekodi hiyo.

Baba alijibu bila kusita. Alisema huchuma chai kutwa na kubeba majani hadi kituo cha kupimia chai, mwaka baada ya mwaka. Nelvine aliinamisha kichwa. Tangu mashine za kuchuma ziingie katika shamba alikokuwa kibarua, baba alishinda kwenye kiti kando ya jiko. Mama ndiye aliyechuma chai yao. Macho ya baba yalikuwa yameanza kufifia, na jirani yao Oyaro alikuwa amezikwa juzi tu kwa ugonjwa huo huo wa sukari.

Mgeni alipoondoka, baba alimpa Nelvine kile kidude. "Kivae wewe uende nacho shule, mama. Damu yetu ni moja, hakitajua."

Nelvine, mkimbiaji hodari, alikivaa. Alikimbia nacho huku moyo ukimwuma. Ijumaa alimsindikiza baba zahanati. Daktari alisema figo zimeanza kudhoofika. Alishangaa kwamba mtu aliyesema hutembea kutwa sukari yake haishuki, akasema huenda akaongeza dawa. Baba alimshukuru, akainuka. Nelvine alivuta sweta kukificha kile kidude kiunoni, akamfuata nje.

Aluoch aliporudi, alitazama rekodi za kidude kwenye kompyuta yake, akamwuliza baba kama siku hizi ameanza riadha.

"Ni mimi niliyekivaa," Nelvine akasema.

Mama aliweka kikombe chini. Baba alitoka nje, akasimama kando ya zizi akiwapa mgongo. Nelvine alianza kulia, akidhani amemwaibisha. Aluoch hakukasirika. Alisema kwa sauti ya kumfikia baba huko nje:

"Watu wengi hawatudanganyi kwa ubaya. Tukiwauliza wanavyoishi, wanatujibu walivyoishi zamani, walipokuwa na nguvu. Lakini daktari hawezi kutibu mwili wa zamani, mzee. Anatibu huu ulio nao leo."

Wiki iliyofuata baba alikivaa kile kidude mwenyewe. Ukweli ulikuwa mchungu: alikuwa hatembei ila hatua chache tu. Daktari alibadilisha matibabu, akamwambia atembee kila asubuhi.

"Nitatembeaje bila kitu mgongoni?" baba alimwuliza mama. "Watu watasema nimerukwa na akili."

Nelvine aliahidi kutembea naye kila asubuhi kabla ya shule, hadi kituo cha chai na kurudi. Baba alikubali, lakini alibeba kikapu. Kilikuwa kitupu.

Siku ya kwanza Mosoti, jirani yao, alikuwa kwenye foleni ya mizani. "Johana, leo umeleta hewa ipimwe?" aliuliza, na watu wakacheka. Baba aligeuka, akarudi nyumbani haraka kuliko alivyokuja.

Kisha mwalimu akatangaza mchujo wa wakimbiaji watakaoshindana Kericho. Ungefanyika Jumatano, asubuhi mapema. Nelvine alikuwa ameungoja mwaka mzima.

"Nenda, mama," baba alimwambia Nelvine siku ilipofika. "Mimi leo nitakaa."

Nelvine alimwangalia, kisha akakiangalia kile kiti kando ya jiko. Alivua viatu vya kukimbilia, akavaa gambuti za mvua.

Walitoka mvua ikinyesha. Walipofika kwenye kona, walisikia filimbi ya mwalimu ng'ambo ya bonde. Nelvine alijifuta uso na kuendelea kutembea.

Baba alisimama. Alivua kikapu mgongoni, akakitundika kwenye nguzo ya ua.

"Mosoti akiniuliza, nitamwambia natembea kwa sababu naumwa," alisema. "Ningesema hivyo mapema, ningetembea peke yangu, nawe ungekuwa kule uwanjani. Uongo wangu umekugharimu, mwanangu."

Akamshika mkono, wakaendelea hadi kituoni.