Sakafu Isiyokwisha

Hili halikunipata mimi. Lilimpata shemeji yangu Isidore, mume wa dada yangu Zélie, hapa hapa mtaani Batignolles. Anayetaka kucheka na acheke, Paris hii haijapungukiwa na wachekaji.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida, mwezi wa Aprili. Isidore na ndugu wawili wa Lavigne walikwenda kukwangua sakafu ya Bwana Garancher, tajiri mmoja aliyejifunza kuchora kwa kukosa shughuli. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yao: kulowesha mbao, kupiga magoti, kuondoa vanishi kuukuu nyeusi mpaka mti ubaki mweupe, wakirudi nyuma kuelekea mlangoni. Anayemaliza ubao wa mwisho ndiye anayeonja divai kwanza, kisha wanaondoka. Bwana Garancher akawaomba awachore wakiwa kazini.

"Shemeji, sasa utatundikwa ukutani kama mtakatifu," nilimtania jioni.

"Mtakatifu gani hana shati?" akasema. "Tena bwana mwenyewe anapaka rangi kama aliyesahau miwani. Uso wangu ni madoa matatu."

Wakubwa wa mjini waliikataa picha ile kwenye maonyesho yao. Walitaka mabibi bustanini, si vifua vya vibarua. Basi Bwana Garancher akaitundika sebuleni kwake, ambako Zélie alikuwa akienda kufagia. Ndani ya picha, Lavigne mkubwa anakunywa, mdogo ananoa chuma cha kukwangulia. Anayefanya kazi ni Isidore peke yake.

Kabla ya Pentekoste Isidore akaanguka kitandani. Hakuwa na homa. Daktari alimgonga kifua, akasema ni uchovu tu, apumzike. Akapumzika, na kila alivyopumzika ndivyo alivyozidi kuchoka. Zélie alimlisha supu ya vitunguu bila kumwuliza, maana mgonjwa haulizwi uji. Alipomshika mikono akakuta malengelenge mabichi. Magoti yalikuwa yamechubuka. Mtu aliyelala wiki nzima alikuwa na maranda kwenye nywele.

Mchana mmoja Zélie alinijia nikiwa nafua, akaniambia nimfuate. Sebuleni kwa Bwana Garancher alinionyesha kwa kidole chini ya picha. Palikuwa na maranda.

"Nimefagia sasa hivi," akanong'ona. "Tazama mbao."

Nikatazama. Nusu ya sakafu ndani ya picha ilikuwa imechorwa nyeusi, niliiona kwa macho yangu siku picha ilipokauka. Sasa weusi ulibaki kidogo tu, karibu na mlango.

"Akiufikia mlango ataondoka," Zélie akasema. "Unajua wanavyofanya."

Nilijua, na nikaogopa.

Tulipomsihi Bwana Garancher aongeze weusi alicheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi. Nadhani naye alikuwa ameacha kukaa sebule ile. Akachukua brashi, akazifunika mbao upya. Kesho yake Isidore aliketi kitandani, akaomba jibini. Zélie alilia kwa furaha, nami pia. Weusi ukapungua tena. Bwana akapaka tena. Ukapungua, akapaka. Isidore hakufa. Alibaki mifupa na mikono, na mikono yenyewe haikutulia juu ya shuka. Huku na huku. Huku na huku.

Adhuhuri moja akafumbua macho.

"Zélie. Kule kuna mtu."

"Mtu gani, mume wangu?"

"Nikikaribia kumaliza, anarudisha weusi. Sijui nimemkosea nini. Mwambie aniache."

Zélie alinitazama. Akachukua kitambaa na chupa ya tapentaini ya kuondolea rangi, akashuka ngazi kwenda kwa Bwana Garancher kuufuta weusi ule kwa mkono wake.

Nilibaki nimeshika mkono wa shemeji. Mara nikasikia chuma kinakwaruza ubao. Karibu. Chini ya kitanda. Kikasogea. Kikapita kando ya mguu wangu. Kikaenda mlangoni. Kikakoma. Mkono wa Isidore ukatulia ndani ya wangu, naye akawa amekufa.

Tulipokisogeza kitanda ndipo tukaona. Sakafu ya chumba kile ina masizi ya miaka na miaka, lakini kutoka kitandani hadi kizingitini ulikwenda mkanda mweupe, umekwanguliwa kistadi, upana wa mtu aliyepiga magoti. Na kwenye picha, Zélie akaniambia, ndugu wa Lavigne wamebaki peke yao.

Siku ya maziko, mwenye nyumba, mtu asiyependa sakafu yenye rangi mbili, aliingia chumbani tukiwa makaburini akaupaka mkanda ule nta nyeusi. Tuliporudi nta ilikuwa bado inanuka. Karibu na kitanda, ubao mmoja ulikuwa umeshakuwa mweupe. Maji ya kuuloweshea yalikuwa hayajakauka.

Zélie alivua shali yake ya msiba, akachukua kisu cha jikoni, akapiga magoti.

"Acha, mume wangu," aliiambia sakafu kwa sauti ya chini. "Mbao hizi nitazimaliza mimi."

Nikapiga magoti kando yake, tukakwangua mpaka mlangoni.