Msonyo wa Susu Mbinya

Mpaka leo sijajua ni kwa nini gundi ile, gundi ya watoto wa shule, iliikataa picha ya mtu kisha ikaukubali mkono wake. Nimesoma vitabu vingi maishani, vingine vya hofu, vingine vya sayansi. Hakuna kilichonisaidia.

Jioni ile nilitumwa Kikima kununua gundi hiyo. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka kwenye matuta ya Mbooni, na mwenye duka alikuwa anafunga. Alinipa kichupa cheupe cha plastiki.

"Hii ni ya makaratasi tu, mwalimu," alisema. "Usijaribu nayo kiatu. Utaaibika njiani."

Nilicheka, nikarudi nyumbani kwa miguu.

Kesho yake tulikuwa tuweke msalaba kwenye kaburi la Susu Mbinya, nyanya yangu. Binamu yangu Yvonne alikuwa amekuja kutoka Sultan Hamud kutengeneza albamu ya kuonyesha wageni. Kurasa zote zilikuwa tayari isipokuwa moja, ukurasa wa Susu na mama yangu, Katunge.

Susu hakujaliwa mtoto. Kwetu Ukambani, mwanamke wa namna hiyo aliweza kutoa mbuzi na ng'ombe akaoa mwanamke mwenzake, amzalie watoto wa nyumba yake. Mke huyo huitwa iweto. Mama yangu alikuwa iweto wa Susu, akahesabiwa kama mke wa mwana ambaye Susu hakumzaa. Waliishi pamoja tangu kabla sijazaliwa, wakilima, wakigombana juu ya chumvi, wakinunua doti moja ya leso na kugawana, huyu kipande chake na yule chake.

Kijiji kizima kilijua hivyo. Lakini mzee wa boma sasa alikuwa Mbaluka, babake Yvonne, mtoto wa mke mwenza wa Susu. Naye alikuwa ameshasema kwamba msalaba ukishawekwa, mama afunge vitu vyake arudi kwao Kitui.

Tuliketi mezani watatu, chini ya taa ya sola. Yvonne alibandika picha ya wale wanawake wawili wakicheka mbele ya ghala. Akabandika kipande cha leso ya Susu na kifuniko cha kopo lake la ugoro. Kisha mama akafungua kitambaa, akatoa kishungi cha nywele nyeupe.

"Nilimnyoa alipokuwa mgonjwa," alisema. "Ziweke pia."

Yvonne akazibandika kwa furaha.

Mimi nilitazama tu. Picha. Nguo. Nywele za marehemu. Kwetu, vitu hivyo vikikutwa mahali pamoja, watu hawaulizi ni vya nani. Huuliza ni nani atakufa.

Mlango ukasukumwa.

"Mnaroga nani?" Mbaluka hakusalimia. Alikuwa na koti la kanisani na viatu vilivyong'aa. "Nywele ya maiti kwa meza! Na mboch amekaa kwa kiti ya mwenye nyumba." Alimnyooshea mama kidole.

"Baba, ni kumbukumbu tu," Yvonne alisema. "Ukurasa wa Susu na mtu wake."

"Mtu wake? Huyu alikuwa mfanyakazi. Basi mtafute na picha ya yule punda wa maji, mbandike hapo kando. Punda pia alikaa hapa miaka mingi, na hakuwa anakula sana hivi."

Mama aliangalia vidole vyake. Sikuwa nimewahi kumsikia akimjibu mtu, wala kusonya. Kusonya ilikuwa kazi ya Susu. Susu alisonya jinsi wengine wanavyosalimia. Msonyo wake ulikuwa mrefu, wa majimaji, ukisikika mpaka barabarani, na aliyesonywa alijiona mdogo kama kiroboto.

Mbaluka alitoa mfukoni picha yake mwenyewe, akiwa amefunga tai.

"Huyo mama mfunike. Karibu na Mbinya niwekwe mimi, halafu chini uandike, 'Mbinya na mwanawe.' Kesho wazee wa ukoo wataona hivyo, na watasema hivyo. Kuna atakayenipinga?"

Hakuna ambaye angempinga. Wazee alikuwa ameshawazoesha kumkubalia.

Akapaka gundi. Akaibandika picha yake juu ya uso wa mama yangu. Akaachilia.

Picha ikateleza, ikaanguka sakafuni.

Na hapo... tukasikia.

Msonyo.

Mrefu. Wa majimaji.

"Nani huyo?" Mbaluka alimgeukia mama. "Ni wewe?"

Mama alitikisa kichwa. Midomo yake ilikuwa imefungwa.

Mbaluka aliongeza gundi, akaigandamiza picha kwa ngumi, akaiegemea kwa uzito wake wote. Alipoondoa ngumi, picha ilianguka tena, kifudifudi. Msonyo ukaja tena. Safari hii ulitoka nyuma ya shingo yake. Niliona ukosi wa koti lake ukitikisika.

Harufu ya ugoro ikajaa chumbani. Hakuna aliyevuta ugoro katika nyumba ile tangu mazishi.

"Baba, wacha," Yvonne alinong'ona.

"Niwache nini? Mimi mzee wa kanisa nitishwe na karatasi?"

Alikunjua kiganja, akakiweka juu ya leso na nywele. Babu zetu waliapa namna hiyo, juu ya vifurushi vya vitu kama hivyo, na hakuna aliyefanyia kiapo hicho mzaha. Huenda alisahau. Huenda alikumbuka, akadharau. Siwezi kumsemea.

"Kama huyu mwanamke aliwahi kuwa mke katika boma hili," alisema, "mkono wangu usitoke hapa."

Akavuta mkono.

Haukutoka.

Alicheka. Akavuta tena, na karatasi nzima ikapanda na kiganja chake. Akaikung'uta. Nyuso mbili zilizocheka zilichungulia kati ya vidole vyake. Kisha kicheko chake kikakatika.

"Nywele," alinong'ona. "Nywele... zinaingia."

Nilimwagia maji ya moto. Yvonne akaleta mafuta ya kupikia, kisha mafuta ya taa. Bure. Na kila Mbaluka alipovuta, tulisikia msonyo. Sasa ulitoka ukutani, darini, chini ya meza, taratibu, kama wa mtu anayemtazama mjinga akifungua mlango kwa kichwa. Hilo ndilo lililonitetemesha. Ningeelewa hasira. Lakini ndani ya sauti ile hapakuwa na hasira hata kidogo. Ilikuwa dharau tupu.

Mama aliinuka. Akamshika Mbaluka kifundo cha mkono, akamfuta jasho kwa leso yake.

"Niite," alisema.

"Katunge."

"Siyo hivyo."

Mbaluka alitazama mlangoni kama mwenye kuhofia kwamba kuna mtu anasikiliza.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini. "Shemeji, nisaidie."

Mama aliinamia karatasi. "Mwaitu," alimwita Susu, yaani mama, kama alivyomwita alipokuwa hai. "Mwache. Imetosha."

Karatasi ikaanguka yenyewe.

Mbaluka alipeleka kiganja chake kwenye mwanga. Kilikuwa laini kama ndani ya kijiko. Mistari yote ilikuwa imefutika. Akakifumba haraka, lakini tulikuwa tumeona.

Asubuhi muuguzi mmoja alimwambia kwamba kuna gundi zinazochoma ngozi. Yvonne naye husema picha ilianguka kwa sababu babake alikuwa ametoka kuchinja mbuzi wa wageni, mikono ikiwa na mafuta. Pengine. Gundi iliyobaki niliipeleka darasani, watoto wakaitumia mpaka ikaisha. Hakuna aliyechomeka.

Wazee wa ukoo waliketi kabla wageni hawajafika. Walikiangalia kile kiganja, hawakuuliza mengi. Wakaamua kwamba Katunge atakaa katika nyumba yake na mashamba yake, na siku yake ikifika atazikwa kando ya Mbinya. Mahali hapo pawekewe mawe siku hiyohiyo, na atakayeyaweka awe Mbaluka, mbele ya wageni.

Naye aliyaweka. Aliyabeba kutoka kwenye matuta, mkono umefungwa bendeji, jiwe baada ya jiwe, wala hakuna aliyemsaidia. Alipolaza la mwisho alinyoosha mgongo, akatutazama, labda akingoja mtu aseme asante.

Msonyo ukasikika. Mrefu. Wa majimaji.

Safari hii niliona ulikotoka. Ulitoka kinywani mwa mama yangu. Alijiziba midomo kwa mikono miwili, akageuka kunitazama, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyesikia mwingine akisema.