Hodi ya Tatu

"Hodi," kiongozanjia kiliita, na sauti ikavuka anga tupu hadi kwenye kituo kilichokuwa kikiizunguka Mirihi.

Hakuna aliyeitika.

Kiongozanjia, mtambo wa kuongoza safari, ndicho kilichokiendesha chombo chao tangu Duniani. Kilisoma nyota, kilipima mvuto wa sayari, kiliwasha injini bila mkono wa mtu. Lakini watu walikisifu zaidi kwa adabu. Saumu, injinia aliyekibuni, alilelewa Makunduchi, ambako mgeni hubisha hodi mara tatu, asipoitikiwa hurudi alikotoka. Desturi hiyo akaifanya sheria ya mtambo, ili chombo kisijibamize kwenye kituo kisicho tayari kukipokea.

"Hodi."

"Labda wamelala," alisema Kapteni Makame.

"Khatibu, sawa. Huyo hata umwite kula haamki. Lakini wote?" Saumu alisema.

Khatibu, mmoja wa watu wa kituo, alikuwa mdogo wake Saumu. Kituo kilikuwa kimya tangu wiki iliyopita, wao wakiwa tayari njiani kukipelekea mitungi ya hewa. Walidhani redio imekufa.

"Ikipita ya tatu tunageuka," Makame alisema, "na mafuta ya kujaribu tena hatuna. Huwezi kukizuia kisigeuke?"

"Nilikifunga mwenyewe, mtu asije akalazimisha mlango wa watu."

"Hodi."

Saumu alivuta kipaza sauti. Sauti ilimtoka ndogo, kama ya mtoto aliyekutwa akidokoa jikoni.

"Karibu."

Makame akamtazama. "Unajikaribisha kwa watu, Injinia?"

"Kwa mdogo wangu."

Kiongozanjia hakikufundishwa kumshuku anayekaribisha. Kilisogea taratibu, kikagusa kituo, na makucha ya chuma yakashikana. Ndipo sauti ikapita kwenye waya wa mlango, imekauka.

"Nani kawakaribisha?"

"Khatibu? Ni mimi."

Khatibu alikohoa kwanza, kwa muda mrefu.

"Dada, humu mna maradhi. Wawili tumeshawafunika nyuso. Redio ni nzima, tulinyamaza makusudi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia naumwa, usingekuja?"

Saumu aligeuka kuutazama mlango.

"Niliwaambia wenzangu, chombo ni cha dada yangu, kina adabu. Tusipoitika kitaondoka." Akavuta pumzi. "Usiufungue mlango, Dada."

Saumu aliirukia swichi ya kukizuia kiongozanjia, akaibonyeza, akaibonyeza tena. Ilikuwa imefungwa, kama alivyoifunga mwenyewe.

"Ahsanteni," kilisema kiongozanjia, kikaanza kufungua mlango.