Ufunguo wa Mpangaji wa Zamani

Binamu yangu tunamwita Wakili tangu utotoni, kwa sababu hata ukimwambia mvua inanyesha atataka ushahidi. Alipokwenda kusomea hiyo sheria yenyewe, hakuna aliyeshangaa. Kilichotushangaza ni kwamba mtu mwenye mdomo kama ule alishindwa na msimamizi mmoja wa nyumba.

Alipanga chumba cha uani, nyuma ya ukuta wa chuo, yeye na mdogo wake tunayemwita Kifaranga. Kifaranga alikuwa anarudia mitihani ya sekondari, hivyo alishinda ndani na vitabu vyake. Chumba kilikuwa na kitanda, meza, bafu la ndani na dirisha la nondo. Mwenye nyumba aliishi nje ya nchi. Mambo yote aliyaacha mikononi mwa huyo msimamizi, na wapangaji walimbatiza Nipo Njiani, maana ndilo lililokuwa jibu lake. Choo kimeziba? Nipo njiani. Waya wa taa unaning'inia? Nipo njiani. Hiyo njia ilikuwa inapitia wapi, Mungu ndiye anajua.

Jioni moja Wakili alirudi kutoka chuoni, akamkuta mdogo wake anamenya vitunguu. Wakataniana kama kawaida yao. Halafu Kifaranga akasema, "Mbona leo mchana ulirudi, hata salamu hukunipa?"

"Mimi? Mchana nilikuwa maktaba."

"Acha utani, dada. Nilikuwa nimejilaza, nimegeukia ukutani. Nikasikia ufunguo, ukaingia, ukakaa kitandani. Ukanishika mkono. Mkono wako ulikuwa umelowa."

Wakili alicheka, lakini kicheko hakikwenda mbali. Akakagua vitu vyake kimoja kimoja. Hakuna kilichoibiwa. Alipopapasa shuka upande wa ukingo wa kitanda, lilikuwa na unyevu.

Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa. Safari hiyo ya tatu Kifaranga hakulala. Alikaa na kitabu mapajani, akaona kishikio kinashuka chenyewe. Mlango ukafunguka, jua la uani likaingia, mlango ukafungwa taratibu. Hakuona mtu. Godoro likabonyea pembeni yake. Baadaye kidogo likainuka, ufunguo ukazunguka, mlango ukafunguka tena na kufungwa.

Wakili akashika simu. "Kuna mtu ana ufunguo wa chumba chetu. Naomba ubadilishe kitasa."

"Kitasa kizima kile, dada yangu. Nibadilishe cha nini?"

"Mpangaji aliyetutangulia alirudisha ufunguo?"

Msimamizi akakohoa. Kisha akasema, "Nipo njiani, tutaongea nikifika."

Hakufika, bila shaka.

Aliyeongea ni Mama Saluni wa chumba cha mbele, mpangaji wa siku nyingi kuliko wote. Alikuwa anamsuka mteja, akamngoja aondoke ndipo akasogeza kiti.

"Alikuwa mwanafunzi kama wewe," akanong'ona. "Swichi ya bafuni ilikuwa inapiga shoti. Alimlilia yule bwana mpaka akachoka. Mchana mmoja akarudi kujimwagia maji kabla ya kipindi. Mimi ndiye niliyemkuta."

"Na ufunguo wake?"

"Jamani, mwanangu! Nani angeuliza ufunguo siku ile?"

Wakili akasema hayo ni mambo ya kutishana, kuna ndugu wa marehemu tu anachezea watu. Alisema hivyo huku amejikumbatia. Alikuwa anaogopa, tena anaogopa kwa ajili ya mdogo wake. Mtoto alikuwa anakonda. Vitabu alikuwa havigusi tena, na mkono wa kulia, ule unaoshikwa, ulikuwa baridi hata akiota moto. Kuhama mitihani ikiwa mlangoni hakukuwezekana. Basi Wakili akaamua atamtafuta fundi mwenyewe, na Nipo Njiani akasirike akipenda.

Fundi alipata nafasi mchana. Walipofika walimkuta Kifaranga amesimama uani, peku, amejikunyata.

"Dada, ngoja kwanza..."

"Ngoja nini tena? Tumengoja vya kutosha. Kaa pembeni fundi afanye kazi."

"Lakini dada..."

"Kifaranga! Hebu!"

Mtoto akasogea pembeni. Fundi akang'oa kitasa cha zamani, akafunga kipya, akakijaribu, akapewa asante na kuondoka. Wakili akamvuta mdogo wake ndani, akafunga, akachomoa ufunguo. Roho yake ikatulia. Kwa mara ya kwanza tangu mambo yale yaanze alivua viatu na kujitupa kitandani.

"Haya," akasema. "Aje sasa tumwone."

Kifaranga hakukaa. Alikuwa anatazama bafuni.

"Ndicho nilichotaka kukwambia," akanong'ona. "Nilitoka nje kwa sababu alikuwa ameshaingia."

Bafuni maji yalikuwa yanadondoka. Yakaacha. Kitu kikapita kati yao, kibichi, kina baridi. Mlangoni, upande wa ndani, ukasikika ufunguo ukiingizwa kwenye tundu. Ukajaribu kuzunguka. Taratibu kwanza. Ukachomolewa. Ukaingizwa tena.

"Hatoki," akasema Kifaranga. "Dada, hatoki."

Kishikio kikaanza kutikiswa. Kwa nguvu. Kwa hasira. Wakili akajikokota mpaka mlangoni na ufunguo mpya. Ufunguo haukuingia. Tundu lilikuwa wazi machoni, lakini limejaa. Akapiga kelele. Mama Saluni akaja mbio, akagonga, akasukuma, akaenda kumkimbilia fundi.

Kisha mtikisiko ukakoma.

Godoro likabonyea. Kifaranga, aliyekuwa amesimama, akavutwa akakaa.

"Amenishika," akasema. "Dada, safari hii amenibana."

Wakili akaushika mkono wa pili wa mdogo wake, akavuta. Akavuta tena. Ilikuwa kama kung'oa kisiki. Midomo ya mtoto ikageuka rangi. Yule Wakili wetu mwenye maneno ya kila kesi hakupata hata moja. Alilia tu: niachie mdogo wangu, niachie mdogo wangu.

Kifaranga ndiye aliyeinamisha kichwa pembeni, kama anayemnong'oneza mtu sikioni. Maneno yake hayakusikika. Mkono ukalegea.

Fundi alivunja kitasa chake mwenyewe kwa nyundo. Mlango ulipoachia, ubaridi ukawapita wote ukatokea uani. Ndani ya tundu fundi alikuta kipande cha ufunguo kilichokatikia humo. Alikigeuzageuza, akasema, "Huu si wa kitasa hiki," akakusanya vifaa vyake na hakutaka maswali.

Walihama siku hiyohiyo. Walihifadhiwa kwa marafiki, kisha wakapata chumba ghorofani, upande wa pili wa mji. Msimamizi wa huko akipigiwa simu anakuja. Kifaranga alifanya mitihani akafaulu, mashavu yakarudi. Kila alipoulizwa alinong'ona nini siku ile, alisema amesahau, na Wakili akaona heri iwe hivyo.

Mpaka mchana mmoja kipindi kilipoahirishwa, akarudi mapema. Akiwa bado kwenye korido alimwona mdogo wake amefungua mlango, amejibanza pembeni, kama anayempisha mgeni. Kifaranga alingoja kidogo. Kisha akaanza kuufunga taratibu.

Wakili akauzuia kwa mkono. "Unamfungulia nani?"

Kifaranga akainamisha macho. "Ufunguo wake si ulikatika, dada? Nilimwahidi nitakuwa namfungulia. Ndiyo maana akaniachia."

"Huku ulimwonyesha wewe?"

"Sikumwonyesha. Alinifuata."

Wakili akatazama sakafuni. Palikuwa na nyayo za maji, za mtu mzima, kutoka mlangoni mpaka kitandani. Zote zilielekea ndani.